225, 235 ao 245? Kuchagua tairi pana za BMW ya janti 17 hapa Lubumbashi

Swali hili linarudi kila mara mtu anaponunua BMW Série 3 ya kizazi cha E90, ile iliyoanza kutengenezwa 2005. Kwenye ile yenye janti (chuma kinachobeba tairi) za inchi 17, upana wa janti ni inchi 8, na tairi ya kiwandani ni 225/45R17: upana milimita 225, ubavu (sehemu ya pembeni kati ya janti na mpira unaogusa lami) asilimia 45 ya upana huo, kwa janti ya inchi 17. Ukiitazama kutoka nyuma inaonekana nyembamba, na mwenye nayo anaanza kuuliza: niweke 235? 245? Wengine wanataka hata 255. Nitazilinganisha hizo zote, pamoja na ile seti ya inchi 18 ambayo vijana wengi wa mjini wanaitamani. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa njia zetu, kabla ya kuuliza tairi ina upana gani, uliza ubavu wake una urefu gani.

Nimechukua E90 kwa sababu namba zake naziamini. Mwenye Mercedes C-Class ao Toyota Altezza anaweza kufuata njia hiihii ya kufikiri, lakini upana wa janti asiuchukue hapa, ausome kwenye janti yake mwenyewe. Umeandikwa ndani ya chuma, mara nyingi nyuma ya mikono ya janti, mfano 8Jx17 na namba ya ET pembeni. Namba ya ET inaonyesha janti imeingia ndani ao imetoka nje kiasi gani. Kwenye janti nyingi za kiwandani za E90 ni 34.

Hizi ndizo tairi zenyewe. Kipenyo na ubavu nimevipiga hesabu kutokana na namba za tairi, kwa milimita. Safu ya janti ni upana unaokubaliwa na kanuni za watengenezaji, kwa inchi.

| Tairi | Kipenyo | Ubavu | Janti inayokubaliwa | Tofauti na 225/45R17 |
|---|---|---|---|---|
| 205/55R16 | 632 | 113 | 5.5–7.5 | −0.4% |
| 225/45R17 | 634 | 101 | 7–8.5 | — |
| 235/45R17 | 643 | 106 | 7.5–9 | +1.4% |
| 245/40R17 | 628 | 98 | 8–9.5 | −1.0% |
| 255/40R17 | 636 | 102 | 8.5–10 | +0.2% |
| 225/40R18 (mbele) | 637 | 90 | 7.5–9 | +0.5% |
| 255/35R18 (nyuma) | 636 | 89 | 8.5–10 | +0.2% |

Unalipa milimita 20, unapata 10

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Ile 225 ao 245 iliyoandikwa ubavuni ni upana uliopimwa tairi ikiwa imefungwa kwenye janti ya kipimo maalumu. Kwa 225/45 janti hiyo ni ya inchi 7.5, kwa 235/45 ni inchi 8, na kwa 245/40 ni inchi 8.5. Ukiiweka tairi kwenye janti pana zaidi, inatanuka. Kwenye janti nyembamba, inabanwa. Kila nusu inchi ya janti inaleta mabadiliko ya milimita 5 hivi.

Sasa piga hesabu kwenye janti yako ya inchi 8. Ile 225 inafika karibu 230. Ile 235 inabaki 235. Ile 245 inabanwa hadi karibu 240. Kwa hiyo anayetoka 225 kwenda 245 bila kubadilisha janti anaongeza sentimita moja tu, milimita 5 kila upande, huku ubavu wake ukibanwa na kuvimba kidogo. Yuko kwenye mpaka wa chini kabisa wa kile ambacho 245/40 inakubali. Haijavunja kanuni, lakini haikai pale inapofanya kazi vizuri zaidi, na usukani hauwi mwepesi wa kuitikia kama alivyotarajia.

Ndiyo maana 255/40 naiondoa mapema kwenye mazungumzo haya. Kipenyo chake ni kizuri, kinakaribiana sana na cha kiwandani, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Inataka janti ya inchi 8.5 kwenda juu. Kwenye inchi 8 mabega ya tairi yanajikunja, katikati inabeba uzito kuliko pembeni, na mpira unalika kati huku pembeni bado mpya. Ukiwa na janti za 8.5 nyuma, tutaongea tena. Kama huna, acha.

Upana unafanya nini kweli

Wengi wanaamini tairi pana inagusa lami kwa eneo kubwa zaidi. Kwa sehemu kubwa sivyo. Chukua motokari yenye kilo 1,500 pamoja na watu: kila tairi inabeba kama kilo 375. Kwa upepo wa bari 2.3 (kwado wetu, yaani mafundi wa tairi, wanasema kilo 2.3, ni karibu sawa), unyayo wa tairi kwenye lami unakuwa na eneo la sentimita za mraba 160 hivi. Eneo hilo linaamuliwa kwanza na uzito na upepo. Ukipanua tairi bila kubadilisha upepo, unyayo unakuwa mpana na mfupi; ukubwa wake unabaki karibu uleule.

Lakini umbo lina maana. Unyayo mpana na mfupi unashika vizuri zaidi kwenye kona wakati njia ni kavu, na joto linasambaa kwenye mpira mwingi zaidi unaposhika breki mara kwa mara. Hiyo ni faida ya kweli. Mtu anayependa kuendesha kwa nguvu asubuhi ya Jumapili kwenye njia ya Likasi, lami ikiwa kavu, ataisikia mikononi. Sitamwambia kwamba anajidanganya.

Ila faida hiyo inakuja na bili, na hapa kwetu bili ni kubwa kuliko kwenye lami nzuri ya Ujerumani ambako motokari hii ilipimwa.

Mifereji ya malori

Ukitoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, unashiriki njia na malori yanayobeba katodi za shaba, kobalti, mafuta na makontena. Uzito ule, kwenye jua la Oktoba, unaiminya lami mpaka inafanya mifereji miwili mirefu pale magurudumu yanapopita. Tairi nyembamba yenye bega la mviringo inapanda na kushuka kwenye ukingo wa mfereji bila kelele nyingi. Tairi pana yenye bega la mraba inafuata ule ukingo: usukani unavuta kushoto, unarudisha, unavuta kulia. Baada ya nusu saa mikono imechoka, na mtu anampelekea fundi motokari isiyo na ugonjwa apime paralelisme (mwelekeo wa magurudumu).

Hapa tofauti ya 225 na 245 unaisikia hata kama ni sentimita moja, hasa kwenye tairi za mbele. Ile 235/45 iko katikati. Ubavu wake mrefu zaidi unakubali kujipinda kidogo kabla ya kuupeleka msukumo kwenye usukani, kwa hiyo inavuta kidogo kuliko 245/40. Kama kazi yako inakupeleka mpakani kila wiki, hesabu hii ina uzito kuliko uzuri wa motokari ikiwa imesimama.

Shimo

Ubavu wa 245/40 una milimita 98, wa 235/45 una 106. Milimita 8. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini fikiria kinachotokea gurudumu linapogonga ukingo mkali wa shimo lililojaa maji, lile ambalo hukuliona. Ubavu unajikunja, na kama hauna urefu wa kutosha, kitambaa na nyuzi za ndani zinabanwa kati ya jiwe na mdomo wa janti. Nyuzi zinakatika. Kesho yake unaona uvimbe pembeni ya tairi, mkubwa kama nusu ya limau. Tairi hiyo imekufa, hakuna kwado wa kuitibu, hata kama mpira wa juu ni mpya kabisa. Ukiwa na bahati mbaya zaidi, janti nayo inapinda, na upepo unaanza kutoka polepole usiku.

Urefu wa ubavu ndiyo akiba ya janti yako. Milimita 8 za ziada, na hewa iliyomo ndani yake, ndizo zinazoamua kama unasikia kishindo tu ao unaingia kwenye gharama. Sasa tazama tena seti ya inchi 18: ubavu ni milimita 90 mbele na 89 nyuma. BMW wenyewe waliiweka kwenye E90 kwa kuagizwa, janti ya inchi 8 mbele na 8.5 nyuma, na kwa macho ni nzuri sana, sikatai. Kwa mtu anayeishi mtaa wa Golf, anafanya kazi katikati ya mji na analala mapema, inawezekana. Kwa anayeshuka Katuba, anayepita Ruashi, ao mwenye nyumba iliyo mwisho wa njia ya udongo mwekundu, siishauri.

Na ile 205/55R16, nyembamba kuliko zote? Hakuna anayeiandikia sifa, lakini ubavu wake ni milimita 113 na ilikuwa tairi ya kiwandani ya E90 nyingi, kwenye janti ya inchi 7. Anayefanya Kolwezi na kurudi mara kwa mara, zaidi ya kilomita 300 kila upande, atafute seti ya janti 16 na aweke zile 17 nyumbani kwa siku za sherehe. Ahakikishe kwanza breki zake zinaingia, maana injini kubwa zina disiki kubwa.

Mvua

Mvua yetu ya Novemba hadi Machi inashuka kwa wingi na kwa haraka, na mitaro yetu haimezi yote. Hapo upana unageuka kuwa hasara ya wazi. Fikiria maji ya milimita 3 juu ya lami na wewe uko kwenye kilomita 80 kwa saa. Tairi yenye sentimita 20 za mpira unaogusa chini inakutana na lita 13 za maji kila sekunde, na maji hayo yote lazima yapite kwenye mifereji ya tairi ao yasukumwe pembeni. Ongeza sentimita moja ya upana: zaidi ya nusu lita ya ziada kila sekunde, halafu unyayo ni mfupi, una muda mdogo wa kuyaondoa. Tairi inaanza kuelea mapema zaidi, kwa mwendo mdogo zaidi.

Kwa hiyo anayepanua tairi asikubali kuzitumia mpaka mifereji yake iishe. Tairi mpya ina mifereji yenye kina cha milimita 7 ao 8. Mpaka wa kisheria Ulaya ni 1.6, lakini kwa msimu wetu wa mvua mimi nasema milimita 3 ndiyo mwisho, na kwa 245 hata 4. Kina utakipima na kipimo kidogo kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri. Halafu kuwa mwangalifu na mvua ya kwanza baada ya kiangazi: vumbi na mafuta ya miezi yote viko juu ya lami, na hakuna upana unaokusaidia hapo.

Jambo linaloniuma ni kuona mtu anatoa 225 nzuri ya mtengenezaji anayejulikana, anaweka 245 ya bei ya chini kabisa, ngumu kama ubao, kisha anaamini amepandisha usalama. Mpira wenyewe, yaani mchanganyiko na mifereji yake, una nguvu kuliko upana. Kwenye lami yenye maji, 225 nzuri inasimama mapema kuliko 245 mbaya. Kama pesa yako inatosha tairi nne nzuri za 225 ao nne za hovyo za 245, chukua 225 na usitazame nyuma.

Pana nyuma tu?

Wengi wanataka kuweka 225 mbele na 245 nyuma, kama zilivyo baadhi ya Mercedes C-Class za janti 17. Inapendeza na ina sababu yake: motokari inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikanyaga gesi nyuma inashika zaidi. Kwa 330i, yenye injini ya nguvu, hiyo ni hoja. Kwa 320i, ambayo injini yake ya petroli ilitoka na farasi 150, baadaye 170, nguvu hiyo haiwezi kuishinda 225 kwenye lami kavu.

Kile unachonunua ni motokari inayong'ang'ania kwenda mbele ukikata kona, kwa sababu nyuma imeshika kuliko mbele. Tena unapoteza nafasi ya kubadilishana tairi za mbele na nyuma ili zilike sawasawa, na tairi moja ya akiba haiwezi kufanana na pande zote mbili. Mwenye xDrive (BMW inayosukumwa na magurudumu yote manne) asijaribu kabisa kuchanganya vipenyo: mbele na nyuma lazima zizunguke sawa, la sivyo kisanduku kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika mpaka kinaharibika.

Mimi nataka nne zinazofanana.

Je, itaingia?

Kwa kwado mmoja wa barabara ya Kasenga nilimsikia kijana akiuliza: "Papa, hii 245 itaingia?" Mzee akajibu bila kuinua kichwa: "Kuingia itaingia, mwanangu. Tuone kama itazunguka."

Jibu lake ni sahihi. Fanya hivi. Funga tairi moja mbele, chukua choki ya shule, paka mabega ya tairi ndani na nje mpaka yawe meupe. Kaza usukani wote kushoto, zungusha polepole kwenye uwanja, kisha wote kulia. Pakia watu wanne na mzigo nyuma, pita juu ya tuta pole. Shuka, chuchumaa, tazama. Pale choki ilipofutika ndipo inapogusa. Kwenye E90 angalia zaidi sehemu tatu: plastiki ya ndani ya kifuniko cha gurudumu upande wa nyuma, upande wa ndani karibu na amortisa (kizuia mtikisiko), na nyuma ule mkunjo wa bati juu ya tairi. Kati ya tairi na amortisa taka nafasi ya milimita 5 angalau. Rudia kwa tairi ya nyuma.

Ile 235/45 ni ndefu kwa milimita 9 kwa jumla, kwa hiyo juu inakaribia bodi kwa milimita 4.5. Kwenye motokari yenye urefu wake wa kiwandani kwa kawaida haina tatizo. Iliyoshushwa kwa springi fupi, pima kwanza. Na ukiona fundi anakuletea spesa ili kusukuma janti nje kwa sababu tairi inagusa ndani, jua kwamba tairi uliyochagua imezidi. Spesa inabadilisha mahali uzito unapokaa kwenye beringi za gurudumu, na kwenye mashimo yetu zinachoka haraka.

Habari ya mwendo: ukiwa na 235/45, saa ya mwendo ikionyesha 100 utakuwa unaenda kilomita 1.4 zaidi kuliko ulivyokuwa na 225. Kwa 245/40 ni kinyume, utaenda polepole kwa asilimia 1. Zote mbili si kitu cha kukunyima usingizi. Mafuta yatapanda kidogo kwa zote mbili.

Tairi ya akiba ambayo haipo

Hili wengi wanaligundua wakiwa njiani. E90 nyingi zilitoka na tairi zinazoweza kutembea bila upepo, zenye ubavu mgumu sana, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kwa sababu hiyo hakukuwekwa nafasi ya tairi ya akiba. Ukihamia tairi za kawaida, za upana wowote, motokari inakuwa laini kwenye mashimo, na hiyo ni faida kubwa hapa. Lakini tairi ikipasuka, umesimama.

Basi ununuzi wako haujaisha kwenye tairi nne. Weka jeki, ufunguo wa bolti, kompresa ndogo ya kuchomeka ndani ya motokari, na kamba za kuziba tundu. Ukienda Likasi ao Kolwezi, beba gurudumu zima kwenye buti. Hapa tena nne zinazofanana zinashinda: gurudumu moja linafaa mahali popote.

Upatikanaji nao upimwe. 225/45R17 ndiyo rahisi zaidi kupata, kwa sababu VW Golf, C-Class na motokari nyingine nyingi zinaitumia. 235/45R17 ilivaliwa na Passat na Mondeo, kwa hiyo hata zile zilizotumika kutoka Ulaya zinafika. 245/40R17 utaipata, lakini mara nyingi zikiwa mbili mbili kutoka nyuma ya Mercedes, na kupata nne za mtengenezaji mmoja ni kazi.

Ukinunua zilizotumika, soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka sita itazame kwa makini, ikifika kumi usiichukue hata ikiwa na meno yote. Pitisha mkono ndani ya tairi, si nje tu: unatafuta kiraka kikubwa, ao mstari wa mpira uliosagika kuzunguka ubavu, dalili kwamba ilitembezwa bila upepo. Tazama pia namba ya uzito. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye vitabu vya motokari yako.

Nani achukue nini

Unaishi mjini, unasafiri mara moja moja, motokari ni ya familia: baki na 225/45R17, nunua zilizo bora kuliko ulizopanga. Hujakosa kitu.

Unataka ijae kidogo, unataka kona zikaze, na bado unakutana na mashimo: 235/45R17, nne zote. Hiyo ndiyo hatua pekee ya kupanua ninayoitetea kwa moyo wote, kwa sababu inaongeza upana na ubavu kwa pamoja, na inakaa kwenye janti ya inchi 8 kama iliyoshonwa kwa ajili yake.

Una 330i ya janti 17, amortisa mpya, hupiti kwenye udongo, na kiangazi unapenda kukimbia: 245/40R17 inaweza kukufurahisha. Jua unavyopoteza, na ukifika Novemba punguza mwendo mapema kuliko wenzako.

Ukishachagua, upepo. Fuata karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva, pima asubuhi kabla hujatembea. Kila nyuzi 10 za joto zinabadilisha upepo kwa karibu bari 0.1. Asubuhi za Juni na Julai hapa zinashuka chini ya nyuzi 10, mchana wa Oktoba unapita 30. Aliyejaza mchana wa jua kali na kungojea baridi ana pungufu ya bari 0.2 bila msumari wowote. Tairi pana yenye upepo mdogo inalika mabega yote mawili na inajikunja zaidi kwenye shimo. Usiteremshe upepo ili motokari iwe laini. Kama unataka ulaini, rudi kwenye ubavu mrefu.

Siku ya kufunga, omba ekilibraji (kusawazisha uzito) ya magurudumu yote manne na paralelisme baada yake, kwa sababu kosa dogo ambalo 225 ilivumilia, 245 italionyesha kwa kulika upande wa ndani usioonekana. Bolti za E90 zinakazwa kwa Nm 120, kwa kuvuka kutoka moja kwenda ile ya ng'ambo, gurudumu likiwa bado halijabeba uzito wote. Kwado wengi wanakaza kwa kuruka juu ya ufunguo. Mwombe akaze kwa mkono kwanza, kisha malizia mwenyewe kwa ufunguo wenye kipimo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, simama sehemu ya usawa, janti zikiwa zimepoa, na uzikaze bolti tena.